Hamburg Ni Ndugu wa Dar es Salaam Ipi?

Ukitoka bandarini Dar es Salaam ukashika Barabara ya Kilwa kuelekea kusini, unaviacha viwanja vya Sabasaba, unapita Uhasibu, halafu unafika Mtoni. Jina limetokana na Mto Kizinga unaokatiza bondeni hapo, na maji ya mto huo ni kati ya vyanzo vya zamani vya maji ya bomba vya mji mzima. Sehemu moja ya mtaa inaitwa Mtoni kwa Azizi Ali, kwa heshima ya mkandarasi wa majengo aliyekuwa baba yake Dossa Aziz, mmoja wa waasisi wa TANU. Baadaye Mtoni ilibeba pia taka za mji. Kwa maji na kwa taka, mtaa huu umeutumikia mji kuliko mitaa mingi yenye sifa, na ndiyo sababu nauanzia hapa mkasa wa udugu wa miji miwili.

Mwaka 2010 Hamburg, mji wa bandari wa kaskazini mwa Ujerumani, ulifunga mkataba wa udugu na Dar es Salaam. Hamburg ilikuwa tayari na ndugu wanane: Leningrad, ambayo leo ni St. Petersburg, tangu 1957. Marseille tangu 1958. Kisha Shanghai, Dresden, Osaka, León ya Nicaragua, Prague na Chicago. Dar es Salaam ikawa ya tisa, na ya kwanza kutoka Afrika. Mkataba ulikuwa mpya, lakini miji hii ilikuwa imejuana kwa karne moja na nusu, na sehemu kubwa ya kujuana huko haikuwa ya kindugu hata kidogo.

Mwaka 1859 kijana mmoja mpelelezi wa nchi, Albrecht Roscher, mzaliwa wa viungani mwa Hamburg, alitia mguu Mzizima, kijiji cha wavuvi na wakulima wakati ule. Vitabu vingi vinamtaja kuwa Mzungu wa kwanza kufika hapo. Alikuwa anatafuta njia ya kwenda Ziwa Nyasa. Mwaka uliofuata aliuawa karibu na ziwa hilo. Sultani Majid alikuwa bado hajaanza kujenga mji wake na kuuita Dar es Salaam. Kwa maneno mengine, mtu wa Hamburg alifika kabla jiji lenyewe halijapata jina.

Roscher hakuwa peke yake katika pwani hii. Kampuni ya O'Swald ya Hamburg ilikuwa na wakala Unguja tangu 1849. Biashara yake kubwa ilikuwa simbi: makombe ya pwani yaliyookotwa Unguja na Bara yakapakiwa melini, yakapelekwa Afrika Magharibi, ambako yalitumika kama fedha, na huko meli zikapakia mafuta ya mawese kwenda Ulaya. Mwaka huohuo wa 1859 miji ya Hansa, yaani Hamburg, Bremen na Lübeck, ilitia saini mkataba wa biashara na Unguja. Hapakuwa na Ujerumani moja wakati huo. Mkataba wa kwanza wa Hamburg na pwani ya Waswahili ulikuwa basi mkataba wa mji na dola ya Sultani, na ulizungumzia ushuru na mizigo.

Ndani ya biashara hiyo ukazaliwa uhusiano ambao hakuna ofisi iliyoupanga. Bibi Salme binti Said alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni. Mtoni hii ni ya Unguja, kaskazini ya Mji Mkongwe. Alimpenda mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete, akabeba mimba, na mwaka 1866 akatoroka kwa manowari ya Kiingereza kwenda Aden. Huko alibatizwa Emily, wakaoana mwaka 1867, na wakahamia Hamburg. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto wadogo watatu katika mji wa baridi asimokuwa na ndugu. Kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka 1886. Alifariki mwaka 1924 na amezikwa katika makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg. Mwaka 2019 mji huo uliupa uwanja mmoja jina lake, na mwaka uliofuata madiwani wa wilaya wakaamua jina liondolewe, kwa sababu ya alivyoutetea utumwa katika maandishi yake. Naona waliamua kwa haki, na bado naamini hadithi yake ifundishwe Hamburg na Dar es Salaam pia, pamoja na utumwa uliomlea na upweke uliompata.

Kisha biashara ikageuka utawala. Mwaka 1889 Hermann Wissmann aliletwa na Ujerumani kuzima vita vya pwani vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim. Wissmann alikuja na askari wa kukodi, wengi wao Wasudani, na Desemba mwaka huo Abushiri akanyongwa Pangani. Mwaka 1890 ikaanzishwa Hamburg kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika Linie, iliyopewa ruzuku na serikali ili meli zake za posta zije Afrika Mashariki kwa ratiba. Mwaka 1891 Dar es Salaam ikawa makao makuu ya koloni. Tangu hapo karibu kila kitu cha utawala kilipita kwenye kamba iliyofungwa Hamburg upande mmoja na Dar upande wa pili: vifaa vya reli, maofisa, na hata meli nzima. Graf von Goetzen, ambayo sasa ni MV Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa Hamburg na kupakuliwa Dar, kisha ikapandishwa reli kwenda Kigoma. Huku nyuma pamba, katani na mpira vilisafiri kwenda upande mwingine. Watu wa kusini walipokataa kulimishwa pamba kwa viboko, mwaka 1905, vita vya Majimaji vikawaka, na Wajerumani walivizima kwa moto na njaa.

Katika mji huohuo wa Dar es Salaam, mwaka 1909, ilisimamishwa sanamu ya shaba ya Wissmann. Yeye amesimama juu, anatazama mbali. Chini yake yuko askari Mwafrika anayemtazama kwa kuinua macho, na anaitandaza bendera ya Ujerumani juu ya simba aliyekufa. Nimeitazama picha yake mara nyingi. Huhitaji kusoma maandishi yoyote kujua nani ameagiza kazi hiyo na nani hakuulizwa.

Safari ya sanamu hiyo, kwangu, inaieleza historia ya miji hii miwili kuliko hotuba zote za mwaka 2010. Waingereza walipoitwaa Dar wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliishusha na kuipeleka London kama nyara. Baada ya vita ilirudishwa Ujerumani, na mwaka 1922 ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg, chuo kilichorithi majengo na walimu wa Taasisi ya Kikoloni iliyofunguliwa mwaka 1908 kufundisha maofisa, pamoja na lugha ya Kiswahili. Huku Dar, mahali palepale iliposimama, Waingereza waliweka mwaka 1927 sanamu ya askari mwenye bunduki, ile tunayoiita Askari hadi leo, kwa kumbukumbu ya wanajeshi na wapagazi wa vita. Wapagazi hao walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na maradhi, na kambi yao ndiyo iliyotuachia jina la Kariakoo.

Hamburg ilikaa na Wissmann wake miaka zaidi ya arobaini. Mwaka 1967 wanafunzi waliifunga kamba na kuiangusha. Ikasimamishwa tena. Mwaka 1968 wakaiangusha kwa mara nyingine, na safari hiyo chuo kikaacha kuiinua. Ikawekwa ghalani katika kituo cha kutazamia nyota cha Bergedorf. Kati ya 2004 na 2005 msanii mmoja wa Hamburg aliirudisha hadharani kwa miezi kumi na minne, pembeni ya bandari, akawauliza wananchi wafanye nini nayo. Mwaka 2016 ilionyeshwa Berlin katika maonyesho ya historia ya ukoloni wa Kijerumani. Wanafunzi wale wa 1967 wengi hawakuwahi kufika Dar es Salaam, lakini kazi waliyoifanya iliihusu Dar es Salaam moja kwa moja. Kama ningetakiwa kuitaja siku ambayo mtu wa Hamburg alianza kuwa ndugu yetu, ningeitaja siku ile.

Hata hivyo Hamburg haikuwa imemaliza. Katika mtaa wa Jenfeld, mashariki ya mji, utawala wa Wanazi ulijenga kambi ya jeshi iliyopewa jina la Jenerali Lettow-Vorbeck, aliyeongoza jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1938 na 1939 langoni pakawekwa michongo miwili mikubwa ya udongo wa kuchoma: mmoja wa askari wakifuata ofisa Mzungu, mwingine wa wapagazi wakibeba mizigo. Mwaka 2003 michongo hiyo ilikusanywa na kuzungushiwa bustani iliyoitwa Bustani ya Tanzania, jirani na banda la Tanzania lililokuwa limetumika katika maonyesho ya dunia ya Hannover mwaka 2000. Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitarajiwa kwenye ufunguzi. Waafrika wanaoishi Hamburg na wenzao Wajerumani walipinga kwa nguvu jina la nchi huru kutumika kuipamba kazi ya Wanazi ya kuwatukuza askari watiifu. Sumaye hakwenda.

Kati ya askari hao watiifu alikuwapo kijana wa Dar es Salaam ambaye kila anayezungumzia mahusiano haya anapaswa kumjua. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar mwaka 1904. Akiwa bado mtoto aliingia vitani pamoja na baba yake, upande wa Wajerumani. Baada ya vita alifanya kazi katika meli za kampuni ya Hamburg, na mwaka 1929 akafika Ujerumani kudai mshahara wa jeshi ambao yeye na marehemu baba yake hawakulipwa. Alikataliwa. Alibaki Berlin, akaoa, akawa mhudumu wa hoteli, akaigiza katika filamu, na akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na mapenzi na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, na huko alifariki tarehe 24 Novemba 1944. Mbele ya nyumba aliyoishi Berlin pana jiwe dogo la kumbukumbu lenye jina lake. Dar es Salaam, mji uliomzaa, bado haijampa mtaa.

Uhuru ulipokuja, mambo ya Wajerumani yaligawanyika kama nchi yao ilivyogawanyika. Baada ya Muungano wa 1964, Ujerumani Mashariki ilitaka kubaki na ubalozi wake Unguja na Ujerumani Magharibi ikatishia kukata misaada yake. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilipoondoa msaada wake wa kijeshi, Mwalimu Nyerere aliwaambia waondoe na uliobaki. Kilichonivutia mimi ni kwamba, mwaka mmoja tu baada ya ugomvi huo wa serikali, mji wa Würzburg na mji wa Mwanza ilifunga udugu, 1966. Sababu yake ilikuwa ya vitendo: Würzburg ina taasisi ya Kikatoliki inayoandaa madaktari wa kazi za nje, na madaktari hao walihusika na hospitali iliyokuwa inajengwa juu ya kilima cha Bugando, ambayo Mwalimu aliifungua mwaka 1971. Tanga nayo ilikuwa na urafiki na Eckernförde, mji mdogo wa bahari ya Baltiki, tangu 1963. Mwanza iliongeza Tampere ya Finland mwaka 1988.

Udugu huu wa miji midogo umeishi kupita mawaziri na mameya wengi, na sidhani ni bahati. Würzburg na Mwanza wana hospitali, wana shule zinazoandikiana, wana chama cha wananchi kinachokutana hata kama hakuna ujumbe wa serikali unaosafiri. Daktari anakuja, muuguzi anakwenda, mtoto wa muuguzi anakua akijua jina la mji wa pili. Meya akibadilika, watu hao wapo.

Dar es Salaam ilichelewa, na ilipoanza na Hamburg ilichagua njia tofauti: kazi za mji. Mwaka 2011 miji hiyo iliingia katika mpango wa Kijerumani wa ushirikiano wa halmashauri kuhusu tabianchi. Jambo kubwa lililotoka humo lilihusu taka, na hapa ndipo Mtoni inaporudi.

Tangu miaka ya 1980 Dar haijajua pa kutupa taka zake. Wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji mwaka 1988 kwa sababu ya dampo lililowajaza moshi na harufu, wakashinda. Kesi hiyo ya Joseph Kessy inasomwa hadi leo na wanafunzi wa sheria za mazingira. Baadaye dampo likahamishiwa Vingunguti, na wa Vingunguti nao wakachoka. Miaka ya mwanzo ya 2000 taka zikaja Mtoni, karibu na bonde la Kizinga, mpaka zilipohamishiwa Pugu Kinyamwezi. Kila mara mji ulisogeza taka kwa watu waliokuwa na sauti ndogo kidogo kuliko wale waliotangulia. Mtoni iliachiwa kilima cha taka. Mwaka 2007 mradi wa kuvuna gesi ya methane kutoka kilima hicho, wa jiji pamoja na kampuni ya Kiitaliano, ulisajiliwa chini ya Itifaki ya Kyoto, ili nchi za viwanda zihesabiwe kupunguza hewa chafu. Mtaa wa Temeke ukaingia kwenye madaftari ya kimataifa kwa sababu ya uozo wa mji mzima.

Hamburg na Dar walishika upande mwingine wa tatizo hilohilo. Taka nyingi za Dar ni za masoko: maganda ya ndizi, majani ya mboga, nyanya zilizooza. Zikitenganishwa mapema haziendi dampo, zinakuwa mboji. Kiwanda cha mboji kilijengwa Mabwepande, Manispaa ya Kinondoni, kwa fedha za serikali ya Ujerumani na utaalamu wa Hamburg. Mabwepande ni palepale walipohamishiwa waathirika wa mafuriko ya Desemba 2011 kutoka bonde la Msimbazi. Hakuna wimbo wala ngoma katika kazi hii, lakini kwangu ndiyo sura bora ya udugu kati ya miji: mtaalamu wa taka wa huku anakaa na mtaalamu wa taka wa kule, wanazungumza juu ya unyevu, joto la rundo na bei ya gunia kwa mkulima wa mchicha.

Utamaduni ulipita njia zake wenyewe, bila saini ya mtu. Mwaka 2012 kundi la mchiriku la Jagwa Music, lililokulia katika sherehe za uswahilini, lilitoa albamu Ubelgiji na kuzunguka majukwaa ya Ulaya. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso, Mburahati, na vijana ambao redio za nyumbani ziliwaona wahuni wakaanza kualikwa katika matamasha ya Ulaya. Hawa walikwenda na muziki wa mitaa kama Mtoni, kwa kasi yake na kwa Kiswahili chake. Mkataba wowote wa miji wenye kipengele cha utamaduni ungepaswa kuanza na watu wa aina hii.

Halafu ikaja tarehe 24 Februari 2021. Rais Magufuli alivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na kuipandisha Manispaa ya Ilala kuwa Jiji. Mji uliotia saini mkataba wa 2010 ulikuwa na paa moja juu ya manispaa zake zote. Sasa Jiji la Dar es Salaam, kwa maana ya halmashauri, ni Ilala, na Temeke, Kinondoni, Ubungo na Kigamboni ni manispaa zinazojitegemea ndani ya mkoa. Hoja ya kuvunja ilikuwa ya fedha na majukumu yanayogongana, na ina uzito wake. Lakini kwa upande wa udugu limebaki pengo. Kiwanda cha mboji kiko Kinondoni. Kilima cha taka kiko Temeke. Bandari, ambayo ndiyo iliyoanzisha yote, inagusa Ilala, Temeke na Kigamboni kwa pamoja.

Hamburg haina tatizo hilo. Ni mji na pia ni jimbo, una wilaya saba, na Seneti yake husema kwa niaba ya zote. Jenfeld, penye michongo ya askari na wapagazi, iko wilaya ya Wandsbek. Ikitaka neno na Dar es Salaam, Seneti italibeba. Mtoni ikitaka neno na Hamburg, ibebwe na nani?

Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa wakati wa Majimaji. Lilikuwa jambo zito na la haki, lakini msamaha wa rais unahitaji kufanyiwa kazi na miji, shule na makumbusho, na kwa Hamburg na Dar kazi ipo tayari. Temeke na Kinondoni zinapaswa kuwa na kiti rasmi katika ushirikiano huu, kwa majina yao. Shule ya sekondari ya Mtoni na shule ya Jenfeld zinaweza kupewa mchongo uleule wa wapagazi, kila darasa liandike linachokiona, kisha wabadilishane maandishi hayo kwa Kiswahili na Kijerumani. Jina la Bayume Husen linaweza kupewa mtaa mmoja Dar, na wataalamu wa taka waliojifunza Mabwepande wanaweza kupelekwa kwenye masoko ya Temeke, ambayo yana maganda ya ndizi kama masoko ya Kinondoni. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji sheria mpya. Yanahitaji barua, na barua hiyo Manispaa ya Temeke inaweza kuiandika yenyewe.